NANI ATAMLEA FUNDI ASIYE WA KWETU?



Hapa kwetu Tarime na Serengeti, kila yanapozuka mazungumzo juu ya ajira ya mgodini Nyamongo, swali huwa lile lile: vijana wetu wangapi wamepata kazi? Ni swali la haki, nalo limeulizwa tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002. Lakini liko la pili tusilouliza. Baada ya miaka kumi, kijana huyo yuko wapi? Bado anashika spana, au amekwisha kuwa msimamizi wa zamu?

Ufundi una elimu mbili. Moja hufundishwa chuoni, kama pale VETA Moshi ambako makampuni ya madini yamepeleka vijana. Nyingine haimo vitabuni: kuutambua mlio wa pampu inayokaribia kuharibika, kujua nani wa kumwendea ombi la mafunzo linapokwama. Hiyo hupokewa na mtu kutoka kwa mtu. Mwaka 2004 Tammy Allen na wenzake, huko Marekani, walizikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba waliopata mlezi kazini hupandishwa vyeo na huridhika na kazi kuliko wasio naye, ingawa katika mshahara tofauti ilikuwa ndogo. Ulezi si uchawi.

Shida ni kwamba ulezi ukiachwa uote wenyewe, huota upande wa wanaofanana. Katika karakana yoyote, iwe ya mgodi, ya magari ya watalii kule Mugumu, au ya parokia, fundi mkuu humwita chini ya gari yule wa ukoo wake. Mjaluo au Mngoreme hubaki akipitisha vifaa. Binti mwenye cheti cha umeme huachiwa daftari la stoo, eti asichafuke. Hakuna aliyemtukana. Miaka mitano baadaye huambiwa hana uzoefu. Dhuluma hii hata mtendaji wake haioni. Pengine huiita upendo wa ndugu.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 humtaka mwajiri aandae Mtanzania wa kurithi nafasi ya mgeni. Ni jambo jema, na Mtanzania aweza kufika juu: North Mara yenyewe imekuja kuongozwa na meneja mkuu Mtanzania, Apolinary Lyambiko. Lakini sheria hiyo hutazama mgeni na mwenyeji. Mwenyeji akimfungia mwenyeji mwenzake, haina la kusema.

Basi ninyi viongozi wa walei mnaokaa katika kamati za vijiji, mkikutana na waajiri ulizeni kila fundi mpya amepangiwa mlezi gani, kwa maandishi, na nani amempanga. Nawe fundi mkuu, wahesabu vijana uliowafundisha kazi. Je, yumo hata mmoja asiyetoka kwenu? Yumo binti?