Roboti zinapomnyang'anya mwalimu kipindi

MWALIMU anaonyesha ukutani namba ya kuingilia katika jaribio la mtandaoni. Wanafunzi wanaandika majina yao, na ghafla darasa la watu 30 linajaa mamia ya majina, mengine ya matusi. Hao si watu. Ni roboti, yaani programu ndogo zinazojifanya wanafunzi. Waundaji wake huziita boti, jina ambalo kwa mkaazi wa Unguja ni la chombo kinachotoka Malindi kwenda Dar es Salaam.

Mchezo unaojulikana mno kwa kuvamiwa hivyo ni Kahoot, wa kampuni ya Norway, ulioanza mwaka 2013. Udhaifu wake umetokana na wema wake: mchezaji hahitaji akaunti wala barua pepe, namba peke yake yatosha. Mwanafunzi mmoja akiipenyeza namba hiyo katika tovuti ya roboti, kipindi kimekwisha.

Kwa Zanzibar suala hili si la mbali. Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mafunzo ya mtandaoni yalipata uzito mpya. Novemba 2023, chuo cha IIT Madras cha India kilifungua tawi Bweleo, kikifundisha sayansi ya data na akili bandia. Visiwa vinavyowaita vijana kujifunza kuandika programu visishangae siku mmoja wao atakapoijaribu yake kwa mwalimu.

Anayedhani huo ni utani mtupu hajui nani anaendesha tovuti zinazogawa roboti bure. Programu ya kupachika kwenye kivinjari inaweza kuiba nywila, na katika chumba cha kompyuta za pamoja, nywila hizo ni za wenzake pia. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inahesabu kuvuruga mfumo wa kompyuta kwa makusudi kuwa kosa la jinai. Kumpeleka mtoto polisi kwa jaribio lililoharibika, hata hivyo, kungekuwa kupita kiasi.

Dawa ipo mikononi mwa mwalimu: kuufunga mchezo wanafunzi wakishaingia, au kuwasha hatua ya pili ya rangi zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Kudai akaunti kungemfungia nje anayeazima simu ya mzazi. Hatua ya rangi haina gharama, ila humtaka mwanafunzi aione skrini ya mwalimu huku akijibu kwenye yake, jambo gumu kwa anayefuata somo nyumbani kwa simu moja.