Eti Bustani ni za Wenye Mji?

Kila uingiapo mwezi wa sita mbao za matangazo katika mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, hujaa karatasi mpya. Ni habari za kiangazi: madarasa ya watoto walio likizo, upimaji wa afya, tahadhari ya joto na tufani, vita dhidi ya mbu, bustani gani ina nini. Zimeandikwa Kichina kitupu, tena kwa herufi ndogo. Watu wetu huzipita na mifuko mabegani kama wapitavyo ukuta usio na kitu. Ukimwuliza mmoja kwa nini hasimami hata kutazama picha, jibu analo tayari, maana ni jibu ambalo mgeni hufundishwa siku ile ile anayotua: "Hapa ni pa kutafutia, si pa kukalia."

Nimechoka na msemo huu. Umetugharimu mno, na bado tunawarithisha vijana wanaoshuka kwenye ndege leo asubuhi.

Kwa ninyi mlioko Muscat, Leicester au Minneapolis ambao hamjafika huku, Dengfeng ni mtaa wa wilaya ya Yuexiu, unaokizunguka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Xiaobei. Ndani yake umo uchochoro wa Baohan na jirani yake jumba la Tianxiu, majina ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh, Kampala au Lubumbashi huyajua hata kama hajui Kichina neno moja. Hapa ndipo sampuli huangaliwa, bei hupiganiwa, na mtu hutafuta nafasi ya kuchangia kontena. Nyumba za kijiji cha zamani zimesongamana kiasi kwamba Wachina wenyewe huziita majumba ya kupeana mikono, kwani wa dirisha hili aweza kumshika mkono wa dirisha lile. Madereva wa teksi walizoea kuyaita maeneo haya Mji wa Chokoleti, jina ambalo sijawahi kulicheka.

Sasa tazameni kilicho kando ya msongamano huo. Kwa mguu, bila hata kulipa nauli, unafika bustani ya Luhu, yenye ziwa lililochimbwa mwaka 1958. Upande wa magharibi iko bustani ya Yuexiu yenye mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380 na sanamu ya mbuzi watano ya mwaka 1959, ambayo ndiyo nembo ya mji. Ukivuka barabara kutoka hapo, unakuta bustani ya okidi, na jirani yake kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas pamoja na msikiti wake. Huko, walau siku ya Ijumaa, watu wetu hufika. Wanasali, wananunua nyama ya kuchoma mlangoni, halafu wanarudi dukani mbio kana kwamba miti ya pale jirani inauma.

Kiangazi ndio msimu ambao udhuru wa kazi hauna nguvu. Maonyesho ya Kanton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili: katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kati ya hapo biashara hupoa. Kwetu mwezi wa sita na wa saba ni kipupwe, mtu hutafuta sweta. Huku ni joto la Dar es Salaam ya Februari lililoongezewa mvuke, na mvua inayoanguka bila hodi. Jua likizama, mji mzima hutoka nje. Akina mama wa Kichina hujipanga mistari na kucheza muziki wa spika moja, wazee huinamia sataranji yao na kubishana kama wacheza bao wa Kisiwandui. Pale hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Nitajieni mahali pengine katika mji huu ambapo Mwafrika haulizwi swali hilo.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba si uvivu, ni hofu, na kwamba hofu ina sababu. Ina sababu, tena nzito. Kumbukumbu zetu za kiangazi ni za aina nyingine kabisa. Tarehe 15 Julai 2009 Wanigeria walikizingira kituo cha polisi baada ya mwenzao kuumia akiruka kutoka jengoni alipokuwa akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Juni 2012 barabara ilifungwa tena na Waafrika, safari hii kwa sababu mwenzao alifia mikononi mwa polisi. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 1 Mei 2011, mkoa wa Guangdong ulianza kutumia kanuni za wageni. Jina lake linataja usimamizi kwanza na huduma baadaye, na ndani yake iko ahadi ya zawadi kwa mwananchi atakayetoa taarifa za mgeni asiye na karatasi. Ikaja sheria ya nchi nzima, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013: asiyelala hotelini ajiandikishe ndani ya saa 24, na aliyepitiliza muda wa viza atozwe yuani 500 kwa siku, hadi yuani 10,000, au awekwe ndani.

Basi nasema na wenye mji kwanza. Huwezi kumwita mtu kwa mkono mmoja aje ajifunze Kichina bure, na mkono wa pili umeshika kitabu cha faini. Dirisha linalosaidia na dirisha linalokamata yakikaa katika chumba kimoja, mtu mwenye akili hakaribii lolote kati ya hayo mawili. Anayelalamika kwamba Waafrika hawaji kwenye shughuli za mtaa ajiulize kwanza mlango wa shughuli hizo unafanana na mlango gani mwingine.

Halafu nasema na sisi. Hofu ya dirisha la polisi imegeuka kuwa hofu ya kila kitu: ya jirani, ya kamati ya mtaa, ya benchi la bustani. Na tulilipa.

Aprili 2020 hatujaisahau. Watu waliokuwa na viza hai na kodi waliyokwisha lipa walitolewa majumbani na hotelini wakalala barabarani na masanduku yao, kwa sababu ya rangi. Serikali ya mji ilitangaza kwamba tangu tarehe 4 mwezi ule ilipima Waafrika 4,553 na kukuta 111 wana virusi. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Kosa lile lilikuwa la mji, wala simtupii aliyefukuzwa hata punje ya lawama. Wapo waliozungumza Kichina kuliko dalali aliyewafukuza, na haikuwasaidia. Lakini kumbukeni nani aligonga milango siku zile. Si Beijing. Ni watu wa kamati za mitaa, wale mama na baba wenye kitambaa chekundu mkononi, ambao kazi yao ni kujua nani anakaa chumba gani. Kuna ndugu aliyekaa jengo moja miaka saba, na siku alipohitaji mtu mmoja tu wa kusema "huyu ni wa hapa, hajasafiri, namwona kila siku", hakuwa na hata jina la kutaja. Wapo raia wa Kichina waliojikusanya wakapeleka chakula na mablanketi kwa waliolala nje. Watu hao walikuwepo mjini miaka yote, ila hatukuwa tumekutana nao popote isipokuwa kwenye kaunta, sisi upande huu na wao upande ule.

Hili ndilo linanishangaza, kwa sababu kwetu jambo hili tunalijua toka utotoni. Mtanzania hahamii mtaa bila mjumbe wa nyumba kumi kujua. Akitaka barua ya benki au dhamana ya polisi, anaanzia kwake. Wakenya nao walilichukua jina hilo hilo la Nyumba Kumi mwaka 2013. Kamati ya mtaa ya Dengfeng ni mjumbe mwenye kompyuta, basi. Mtu ambaye Manzese asingethubutu kukaa wiki moja bila kumwamkia mjumbe anakaa Xiaobei miaka kumi, na anajisifu kwamba hakuna anayemjua!

Mnadhani karatasi za ubaoni ni za porojo? Chukueni ile ya mbu. Mwaka 2014 mkoa wa Guangdong ulipata wagonjwa wa dengue zaidi ya 40,000, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam nayo ilikuwa ikihangaika na homa hiyo hiyo. Kiangazi cha 2025 ikawa zamu ya chikungunya: katika mji wa Foshan, ambao ni jirani wa pua na mdomo na Guangzhou, wagonjwa walikuwa wamepita 7,000 kufikia mwanzoni mwa Agosti, na kamati zikawa zinaingia nyumba kwa nyumba kumwaga maji ya ndoo na vyungu vya maua. Sasa lisikilizeni jina la ugonjwa. Chikungunya ni Kimakonde. Ni neno la kusini mwa Tanganyika, la kule ambako ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952, na linamsema mtu aliyepindika kwa maumivu ya viungo. Neno letu limevuka bahari, limeandikwa kwa herufi za Kichina na kubandikwa ukutani Guangdong, na Mmakonde akipita mbele yake hawezi kulisoma.

Hapo ndipo dai langu kwa wenye mji lilipo, na si dai la kuomba hisani. China hii imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili redioni tangu mwaka 1961. Ina vyuo vikuu vinavyokifundisha. Wajumbe wake wakija Dar es Salaam au Nairobi husalimia ukumbi kwa Kiswahili safi na kupigiwa makofi. Kila karamu tunasimuliwa twiga wa Malindi aliyefika kwa mfalme wa Ming mwaka 1415, kisha reli ya TAZARA, kisha tunanyanyua glasi. Nchi yenye Kiswahili chote hicho inashindwaje kubandika karatasi moja ya mbu kwa Kiswahili katika mtaa ambao lugha hii inasikika kila asubuhi? Si kitabu. Ni ukurasa mmoja: mwaga maji, kliniki iko hapa, darasa la watoto linaanza tarehe fulani, tufani ikiwa ya rangi nyekundu usitoke. Twiga tumeshamsikia vya kutosha.

Na vyama vyetu navyo visinyamaze kama vile havikuguswa. Tunavijua kwa mambo mawili: michango ya kusafirisha maiti na chakula cha usiku cha siku ya uhuru katika ukumbi wa hoteli, tai shingoni, hotuba tano. Michango ya misiba siigusi; ni wajibu, na Mungu awalipe wanaoibeba. Lakini chama kinachomtafuta mtu akiwa amefariki tu kina kasoro. Mwaka 2014 polisi wa Guangzhou walisema Waafrika wanaoishi mjini kihalali walikuwa kama 16,000. Linganisheni na hao 4,553 waliopimwa miaka sita baadaye. Kadiri tunavyopungua, ndivyo kila mmoja anavyozidi kuwa peke yake katika chumba chake na simu yake, akiongea na nyumbani usiku kucha.

Tarehe 7 Julai UNESCO imeipa Kiswahili siku yake; iliamuliwa Novemba 2021 na kuanza kuadhimishwa mwaka 2022. Kwa Watanzania ni Sabasaba, wafanyabiashara wetu wanaijua kwa viwanja vya Barabara ya Kilwa. Inaangukia katikati ya kiangazi cha Guangzhou, biashara ikiwa imelala na watoto wako likizo. Nani ameamua kwamba lazima tuiadhimishe ndani, kwenye kiyoyozi, tukimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa? Mabango, maandamano na spika vinahitaji kibali, na sheria hiyo sisemi tuivunje. Ila familia za Kichina hutandika mikeka yao Luhu kila mwisho wa wiki, hula, hulala, huamka wakala tena.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Jumapili iliyo karibu na tarehe 7 Julai, saa kumi na moja jioni jua likishalegea, Luhu, kando ya maji. Hakuna mgeni rasmi wala sare. Aliye na bao alete bao, maana wale wazee wa sataranji watakuja kutazama, na wakishatazama watataka kucheza. Pilau ipikwe ya kutosha majirani, na anayejua Kichina akae karibu na sufuria, kwa sababu hapo ndipo maswali yatakapoulizwa. Siku mbili kabla yake, watu wawili au watatu waende ofisi ya kamati ya mtaa na ile karatasi ya mbu ikiwa imeshatafsiriwa kwa mkono, waikabidhi, na waulize ibandikwe ubao gani. Dawa ya mbu pia msisahau. Luhu jioni wapo wengi.