TAARIFA YA TAWI: AJIRA ZA ALABUGA, URUSI

Ndugu wanachama,

Tangazo la "Alabuga Start" kwa mabinti wa miaka 18 hadi 22 tusilisambaze. Wanaahidiwa kazi za hoteli na upishi. Shirika la habari la AP lilieleza Oktoba 2024 kuwa wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda na Kenya, walijikuta kiwandani Tatarstan wakiunda droni za vita na kushika kemikali zinazochoma ngozi. Na tiketi ile ya "bure"? Inakatwa kwenye mshahara, pamoja na malazi. Kihesabu hilo ni deni. Aprili 2024 droni za Ukraine zilipiga bweni hapo hapo.

Tunajua ajira Dodoma ni ngumu. Hatumzuii mtu kutafuta nje. Mwenye mwaliko aupeleke TaESA kabla hajasaini.

Katibu wa Tawi