Kariakoo hadi Magomeni: Punguzo la ‘bila risiti’ linavyokula waranti yako

Chukua mfano wa mama anayeuza juisi na maji ya baridi Magomeni Mapipa. Amedunduliza, ameenda Kariakoo, amerudi na friji la Sh650,000. Wiki ya sita, taa ya friji inawaka kama kawaida, lakini maji hayapoi. Juisi imechacha. Biashara imesimama.

Hana wasiwasi sana. Kwenye boksi kulikuwa na kadi ya waranti ya mwaka mmoja, na ameitunza kabatini.

Anakodi kirikuu, anarudi na friji dukani. Kijana wa kaunta anaigeuza ile kadi mara mbili. Haina muhuri, haina tarehe, haina jina la duka.

“Risiti unayo, mama?”

“Si mlisema nikichukua bila risiti mnanipunguzia?”

“Basi mama yangu, hapo utatusamehe. Hilo hata hatujui kama limetoka kwetu.”

Huo ni mfano tu, lakini yeyote aliyewahi kununua simu, TV, pasi au friji Kariakoo anaijua hadithi yenyewe. Na jambo linaloifanya ijirudie halianzii siku friji linapoharibika. Linaanzia kaunta, kwenye swali moja dogo: “Unataka na risiti au bila?”

*Hesabu ya Sh117,000*

Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, imezoeleka kwa kiwango cha asilimia 18 Tanzania Bara. Muuzaji anayesema friji ni Sh650,000 bila risiti, akiongeza asilimia hiyo, anafika Sh767,000. Tofauti ni Sh117,000.

Kwa mtu anayehesabu nauli ya mwendokasi kila siku, Sh117,000 si pesa ya kuchezea. Ni kodi ya chumba, au ni mtaji wa juisi wa wiki kadhaa. Anachukua bila risiti, anaondoka akijiona mjanja.

Alichokifanya kwa kweli ni kuuza waranti yake. Ameiuza kwa Sh117,000, na ameiuza kwa mtu yuleyule ambaye kesho angetakiwa kuitekeleza.

Kuna lingine ambalo wateja wengi hawalijui. Si kila duka limesajiliwa VAT, na duka ambalo halijasajiliwa haliruhusiwi kumtoza mteja kodi hiyo. Kwa hiyo wakati mwingine ile “bei ya risiti” si kodi hata kidogo. Ni namna ya kumfanya mteja aikimbie risiti mwenyewe.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, imekuwa ikihimiza watu wadai risiti tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010. Lakini ujumbe mara nyingi umekuja kwa sura ya kodi: dai risiti ili serikali ipate mapato. Mwananchi anasikia habari ya serikali, hasikii habari yake. Laiti angeambiwa kwamba kile kikaratasi ndicho friji lake likiharibika, pengine angekidai kwa nguvu zaidi.

*Winga hana waranti*

Risiti ikikosekana, bado kuna tatizo la pili: nani hasa amekuuzia?

Kariakoo ina mawinga. Winga ni yule kijana anayekudaka ukishuka tu kwenye kituo, anakuuliza unatafuta nini, anakuongoza mpaka dukani na kuongeza chake juu ya bei. Wengi ni watu wa kazi, wanajua soko kuliko ramani yoyote. Ila winga hana duka. Mteja anaamini amenunua kwa winga, duka linaamini limemuuzia winga. Kitu kikiharibika, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na simu ya winga siku hiyo haipatikani.

Hata mwenye duka naye si lazima awe na wa kumkimbilia. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huagiza mzigo wenyewe kutoka China au Dubai, mara nyingine kwa kuchangia kontena. Hawana mkataba wa uwakala na kiwanda. Friji lina nembo, lakini halina mwakilishi hapa nchini. Mwenye duka akikubadilishia, hasara ni yake peke yake. Hakuna kiwanda cha kumrudishia.

Ndiyo maana lawama zote haziwezi kuangukia kaunta. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna wanavyofuatiliwa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 walifunga tena. Mtu anayefanya biashara katika mazingira hayo, akiagiza mali bila kiwanda nyuma yake, huona kila friji linalorudi kama adui.

Kwenye simu kuna unafuu kidogo. Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja ya China, Transsion, ambayo ina mtandao wake wa matengenezo, Carlcare. Hapo walau mteja ana mlango wa kugonga. Lakini watengenezaji wengi wa simu hugawa waranti kwa nchi au ukanda. Simu iliyoingia kwenye begi la mtu kutoka Dubai inaweza kuwa halisi kabisa, ikiwa na boksi lake na kila kitu, na bado kituo cha Dar es Salaam kikakwambia haiwahusu.

*Sheria ipo, ushahidi hakuna*

Wengi hudhani Tanzania haina sheria ya kumlinda mnunuzi. Ipo, na si moja.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka masharti ambayo yamo ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyaandika. Mfanyabiashara akikuuzia bidhaa anazouza siku zote, zinatakiwa ziwe na ubora wa kuuzika. Ukimweleza unataka kitu kwa kazi fulani na ukategemea ujuzi wake, kinatakiwa kiifae kazi hiyo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza nguvu. Inakataza kumdanganya mlaji, ina sehemu inayohusu masharti ya mikataba ya walaji na wajibu wa watengenezaji, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC.

Kwa maneno mengine, waranti ya kwanza haiko kwenye kadi ya kiwanda. Iko kwenye mauzo yenyewe. Friji ambalo halipoozi si friji, hata kama kadi imepotea. Na yale maandishi ya chini ya risiti, “mali ikishauzwa hairudishwi”, yanaeleweka kwa mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Hayawezi kugeuza kitu kibovu kuwa kizima.

Kuna mtego mmoja. Sheria ya mauzo inasema kwamba mnunuzi akikagua bidhaa kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha hawezi kuidai baadaye. Ndiyo maana muuzaji anapenda kukujaribishia: anachomeka waya, taa inawaka, anasema “umeona mwenyewe, zima kabisa hii.” Lakini friji halipoi kwa dakika tano. Kompresa iliyochoka au gesi inayovuja polepole haionekani kaunta, na kwa kasoro ya namna hiyo haki ya mnunuzi inabaki palepale.

Tatizo ni kuithibitisha. Uende FCC au Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai madogo ya mikataba, swali la kwanza ni lilelile la kijana wa kaunta: ulinunua wapi, lini, kwa shilingi ngapi? Sheria inaweza kuwa upande wa mama wa Mapipa kwa kila kipengele, na bado akashindwa kuonyesha kwamba mauzo yenyewe yalifanyika.

*Fundi amelindwa, mteja je?*

Julai 28, 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Kutengeneza simu na vifaa vya kielektroniki ni mojawapo. Biashara ya rejareja na ya jumla imo pia, na udalali umo. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali.

Mafundi wa Kariakoo na wa vibanda vya Magomeni wana sababu ya kufurahi. Kazi imerudi mikononi mwao.

Lakini amri ile inajibu swali la nani anaruhusiwa kutengeneza. Swali la nani anatakiwa kulipa kitu kikiharibika ndani ya muda limebaki pale lilipokuwa. Fundi Mtanzania akifungua simu iliyo kwenye waranti, waranti ya kiwanda kwa kawaida inakufa siku hiyohiyo, kwa sababu simu “imeshafunguliwa”. Mteja analipa kioo au sistimu chaji kwa pesa yake, wakati pengine alistahili kutengenezewa bure.

Wenzetu wamelishika jambo hili kwa upande mwingine. Katika Umoja wa Ulaya, muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa mpya kwa angalau miaka miwili, atake asitake. Mwaka 2024 umoja huo ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, inayoanza kutumika Julai 31, 2026, na inagusa vitu kama friji, mashine za kufulia na simu: mtengenezaji anatakiwa kuvitengeneza kwa bei ya kuridhisha hata waranti ikiisha. Jirani zetu Kenya wameandika haki ya mlaji kupata bidhaa zenye ubora unaoridhisha ndani ya Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46.

Tanzania haihitaji kunakili Brussels. Msingi wa sheria tayari upo. Kinachokosekana ni kitu kidogo zaidi: risiti inayosema ni friji gani, lenye namba gani, limeuzwa na nani, na nani atalipokea likirudi. Risiti nyingi za Kariakoo zinaandika “bidhaa” au “electronics”, basi. Hapo hata aliyelipa Sh767,000 anaweza kubaki na karatasi isiyomsaidia sana.

Mwaka 2016 nchi ilionyesha kwamba namba inaweza kufanya kazi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia katikati ya Juni kwa kutumia namba ya utambulisho ya kila simu, IMEI. Watu waliokuwa hawajawahi kuisikia IMEI wakajifunza kubonyeza *#06# ndani ya wiki chache. Kama namba hiyo iliweza kuzima simu nchi nzima, inaweza pia kuandikwa kwenye risiti.

*Kabla hujatoa pesa*

Mpaka hapo mambo yatakapobadilika, ulinzi wa mnunuzi uko kwenye dakika kumi za mwisho kaunta. Mambo matano:

1. Uliza bei moja tu, bei yenye risiti. Duka likikataa kutoa, hilo ni jibu tosha kuhusu waranti yake.

2. Hakikisha risiti ina jina la bidhaa, modeli na namba yake. Kwa simu, iwe IMEI. Mashine ikishindwa kuandika, duka liandike kwa mkono nyuma ya risiti na kugonga muhuri.

3. Kadi ya waranti ijazwe hapohapo: tarehe, muhuri, saini. Kadi tupu ni mapambo ya boksi.

4. Uliza waranti ni ya nani. Ya duka au ya kiwanda? Siku ngapi? Nani anatengeneza, na yuko mtaa gani? Maji, kudondoka na umeme kwa kawaida havimo, kwa hiyo friji gadi si anasa.

5. Kama umepelekwa na winga, lipa dukani, si mkononi mwa winga. Ukilipa kwa simu, tunza ule ujumbe wa muamala. Ni ushahidi wa tarehe, kiasi na jina la aliyepokea.

Kitu kikiharibika, usikimbilie kwa fundi wa mtaani kabla hujakirudisha dukani. Peleka malalamiko kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, ukiweka picha ya risiti. Muuzaji akikuzungusha, FCC inapokea malalamiko ya walaji.

Hakuna hata moja kati ya haya litakalomsaidia mama wa Mapipa kwa friji lile. Atamwita fundi, kompresa itabadilishwa, na pesa itatoka kwenye juisi. Gharama ikizidi Sh117,000, na kwa kompresa si ajabu izidi, lile punguzo litakuwa limelipwa lote na riba juu.

Safari nyingine atakaposimama kaunta, swali litakuwa lilelile: na risiti au bila? Tofauti ni kwamba safari hii atajua anaulizwa nini.