Kabla ya Kusema Kuna Uhai Huko

Katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi ipo nyota yenye jina la Mpingo. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulitimiza miaka 100, na nchi zaidi ya 100 zikapewa kila moja nyota yake na sayari yake ya kuipa jina. Watanzania walipewa nyota iliyokuwa ikijulikana kama WASP-71. Wakaiita Mpingo, kwa mti unaotoa mbao nyeusi za ala za muziki, na sayari inayoizunguka wakaiita Tanzanite. Wakenya walipewa HD 83443. Wakachagua jina la Kidholuo, Kalausi, upepo mkali unaokwenda ukizunguka, na sayari yake ikawa Buru, yaani vumbi.

Hakuna mtaalamu anayetarajia kukuta kiumbe Tanzanite. Ni dubwana la gesi lenye uzito mkubwa kuliko Mshtarii, limeikaribia nyota yake mno hata mwaka wake hautimizi siku tatu, na joto lake lingeyeyusha shaba. Buru nayo ni ya aina hiyohiyo. Lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1990 alizaliwa wakati hakuna sayari hata moja iliyothibitishwa nje ya familia ya Jua. Mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail wakazipata za kwanza, zikizunguka mabaki ya nyota iliyokufa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva wakatangaza sayari inayozunguka nyota iliyo hai inayofanana na Jua, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kufikia Septemba 2025 hesabu ya NASA ilikuwa imefika 6,000.

Kwa hiyo swali la kama kuna uhai kwingine limehama. Zamani lilikaa kwa wanafalsafa na watunzi wa hadithi. Leo lina vipimo, na vipimo vina makosa yanayoweza kuhesabiwa. Toleo hili limeandaliwa kwa imani kwamba kuhama huko ndiyo habari yenyewe, na kwamba msomaji wa Kiswahili anastahili kuelezwa jinsi jibu linavyotafutwa, badala ya kupewa vichwa vya habari vinavyotangaza leo kwamba uhai umepatikana na kesho vikanyamaza.

Mfano ulio karibu ni K2-18b. Sayari hii iko umbali wa miaka 124 hivi ya mwanga, upande wa kundi la Simba. Mwanga uliosomwa na darubini ya James Webb ulianza safari wakati reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Ziwa Viktoria. Uzito wake ni kama Dunia nane na zaidi, na inaizunguka nyota yake ndogo nyekundu kwa siku 33. Mwaka 2023 timu ya Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilitangaza kwamba angahewa yake ina methani na kaboni dayoksaidi. Aprili 2025 timu hiyohiyo ikasema imeona pia dalili ya daimethili salfaidi, gesi ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe wadogo wanaoelea baharini.

Habari ikaenea kwa siku moja. Kilichofuata hakikuenea.

Wanasayansi wengine walichukua data ileile wakaichambua kwa njia zao, na baadhi yao hawakuiona gesi hiyo kabisa. Timu yenyewe ilikuwa imesema wazi kwamba uwezekano wa dalili ile kuwa imetokea kwa bahati tu ni kama 3 katika 1,000. Kwa mtu wa kawaida huo ni uhakika mkubwa. Kwa fani hii ni mwanzo tu, kwani desturi ni kusubiri hadi uwezekano huo ushuke chini ya 1 katika milioni. Zaidi ya hapo, daimethili salfaidi imeonekana kwenye nyotamkia iitwayo 67P, mahali pasipo bahari wala kiumbe. Kemia inaweza kuitengeneza bila msaada wa uhai.

Wapo walioona haya kama kushindwa. Jarida hili linaona kinyume chake. Watu waliotaka sana jibu liwe ndiyo, wengine wakiwa wameitoa miaka yao yote kwenye swali hili, waliweka data yao hadharani wenzao waichanechane. Ni nadra kuona uaminifu wa namna hiyo mahali popote penye sifa za kugombewa.

Ugumu wa kazi yenyewe unaeleweka vizuri zaidi ukiitazama Dunia kwa mbali. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikiwa njiani kuelekea Mshtarii, kilipita karibu na nyumbani, na mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakakitumia kuuliza swali ambalo lingeonekana la kitoto: je, vifaa vyake vingegundua kwamba Dunia ina uhai? Viligundua. Vilikuta oksijeni tele pamoja na methani, gesi mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja muda mrefu isipokuwa kuna kitu kinachozitoa kila siku. Lakini oksijeni hiyo ilianza kujaa angani miaka bilioni 2.4 iliyopita, ilhali uhai ulikuwapo tangu angalau miaka bilioni 3.5. Mtazamaji wa mbali, kama yupo, angeisoma Dunia kwa zaidi ya miaka bilioni moja na kuandika kwenye daftari lake kwamba ni tupu. Alama moja haitoshi, na kukosekana kwa alama hakutoshi.

Wala maji hayatoshi, ingawa kila taarifa ya sayari mpya hukimbilia kutaja maji. Ziwa Natron lina magadi ya kuchoma ngozi, na bado bakteria wanastawi humo kwa wingi unaowalisha heroe wadogo, ambao wengi wa dunia nzima huzaliana hapo. Ukielekea kaskazini hadi Dallol, Ethiopia, kuna vidimbwi vya maji moto yenye tindikali na chumvi kupita kiasi. Mwaka 2019 timu ya watafiti iliripoti kwamba katika vile vilivyo vikali zaidi haikukuta uhai wowote. Sehemu zote mbili zimo ndani ya Bonde la Ufa. Kama bonde moja lina maji yenye uhai na maji yasiyo nao, basi sayari iliyo umbali wa miaka 124 ya mwanga haiwezi kuhukumiwa kwa dalili ya maji peke yake.

Panapostahili kukaziwa macho zaidi, kwa maoni ya meza hii, ni TRAPPIST-1. Ni nyota ndogo, kwa upana inaizidi Mshtarii kidogo tu, iliyo umbali wa miaka 40 ya mwanga. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Michaël Gillon wa Liège, Ubelgiji, ilitangaza kwamba ina sayari saba, zote zikikaribia ukubwa wa Dunia. Nyota za namna hii hulipuka mara kwa mara na zinaweza kuipeperusha hewa ya sayari zilizo karibu. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la ile ya ndani kabisa, na matokeo yakaelekeza kwamba ni jiwe lisilo na hewa. Ya pili haikuonyesha dalili ya hewa nzito kama ya Zuhura.

Sasa zamu ni ya sayari ya nne, inayoitwa e, iliyokaa mahali ambapo maji yangeweza kutulia bila kuganda wala kuchemka. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa Septemba 2025 baada ya kuitazama ikipita mara nne, hayakuamua lolote: huenda ina hewa, huenda haina, na madoa ya nyota yenyewe yanachafua mwanga unaosomwa. Utazamaji wa mipito mingine ulipangwa. Kila siku sita na kidogo sayari hiyo hupita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua kwa chini ya saa moja, na watu wanahesabu.