Historia Haihitaji Sukari

Wako wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, na malalamiko yao ya kwanza huwa juu ya historia. Husema hesabu inakwenda, sayansi inakwenda, lakini historia imemshinda mtoto. Husinzia juu ya kitabu. Ndipo huja washauri. Mmoja husema anunuliwe picha za rangi. Wa pili husema apewe michezo ya kompyuta. Wa tatu husema aahidiwe zawadi kwa kila tarehe anayoikariri. Ushauri wote huu ni wa kupaka sukari juu ya dawa chungu, nami naukataa. Historia si dawa chungu. Imefanywa chungu na watu waliolitoa swali wakabakiza jibu.

Kosa hili lilionekana waziwazi mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Nyumba za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta ziligeuka shule. Mtu angedhani kuwa historia ndiyo ingestawi kuliko masomo yote, kwa maana maabara ya kemia haiko nyumbani, lakini bibi yuko, mlima unaonekana mlangoni na reli inapita chini yake. Badala yake mtoto alitiwa mkononi kijitabu cha muhtasari. Alikariri habari za Bismarck na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wala hakuwapo wa kumwambia kwamba katika miaka hiyohiyo njaa iliyoitwa Mwakisenge ilikuwa ikiwaua na kuwatawanya watu wa milima ya Taita.

Nitatoa mfano mmoja, na sitauharakisha. Kila mtoto wa Voi amesikia habari za simba wa Tsavo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipofika mto Tsavo mwaka 1898, simba madume wawili waliwavamia wajenzi kambini usiku baada ya usiku, hata kazi ikasimama. J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba. Vijitabu huishia hapo: simba wangapi, nani aliwaua, mwaka gani. Mtoto hukariri, hujibu, husahau.

Sasa mtoto huyo na aulizwe: simba wale walikula watu wangapi? Patterson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alitaja Wahindi 28, na juu yao Waafrika wengi ambao alikiri kwamba hesabu yao haikuwekwa. Baadaye, mabaki ya simba yalipokwisha kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago, yeye yuleyule aliandika kuwa waliokufa ni 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao wamo Chicago hata leo, wakakadiria kuwa walioliwa ni watu wapata 35. Simba ni walewale, hesabu ni tatu! Mtoto aliyewekewa jambo hili mbele yake hasinzii. Atauliza kwa nini mtu aongeze hesabu miaka inapopita. Atauliza mfupa unawezaje kusema simba alikula nini. Atakumbuka kwamba si kila aliyeuawa aliliwa, na kwa hiyo hesabu ya mifupa yaweza kuwa ndogo kuliko ya wafu. Mwishowe atalifikia swali lililo kubwa kuliko simba: kwa nini Mhindi alihesabiwa na Mwafrika asihesabiwe? Mzazi atajibu kwamba Wahindi waliletwa kwa mkataba na majina yao yaliandikwa daftarini. Je, jibu hilo latosha? Hapo mjadala umewaka, wala hapana aliyenunua picha ya rangi.

Swali la nani alihesabiwa haliishi Tsavo. Hufuata barabara ya Taveta. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuwaelekea, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi lao, pamoja na askari wa Afrika Kusini, lilishambulia kilima cha Salaita likarudishwa nyuma. Palepale Salaita utaonyeshwa mbuyu, uambiwe kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwapiga Waingereza risasi. Hadithi tamu, mtoto aifurahie, kisha aulize ni nani aliyemwona. Makaburi ya vita hivyo yako Voi, Maktau na Taveta, yamechongwa majina. Lakini wapagazi waliobeba risasi na unga, waliokufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko kwa bunduki, majina yao atayatafuta wapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Wapinzani husema, mtihani je? Nawajibu kuwa mtoto aliyegombana na tarehe haisahau upesi kama aliyeimeza. Wana hoja moja yenye uzito: mtoto wa nyumbani hana wenzake wa kubishana naye, na historia bila ubishi hupoa. Ni kweli. Basi mzazi akubali kubishiwa, jambo ambalo baadhi ya wazazi wangelikataa hata kwa fedha.

Wengine hudharau, wakisema habari za kijijini hazina faida. Hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, nayo imechukua zaidi ya nusu ya kaunti hii. Ndovu wanaolala katika mashamba yetu hawakuzuka jana. Maji ya Mzima yalipopelekwa Mombasa kwa bomba, nani aliulizwa? Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1948 sasa amekaribia tisini. Nawe msomaji, usomaye nyumbani au shuleni, huenda mmoja wao anaota jua uani kwenu asubuhi hii. Chukua daftari. Mwulize walikuwa wakichunga wapi, mpaka ulipita wapi, na ni nani aliyekuja kuwaambia.