Wizi wa pesa kwenye simu: namba ya siri si ya kutamkwa kwenye kabine

Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, mabenki yalifunga milango. Wakaaji wengi walibaki na benki moja tu: simu ya mkononi. Mshahara wa mwalimu, msaada wa ndugu aliye Kinshasa ao Ulaya, pesa ya kodi ya nyumba, faida ya mama anayeuza sambaza sokoni, vyote hivyo vinapitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Wezi nao wamefuata pesa kule zilikohamia.

Wengi hudhani kwamba mwizi wa namna hiyo ni fundi mkubwa wa kompyuta anayevunja mitambo ya kampuni. Hapana. Mara nyingi hana kitu isipokuwa simu ya bei ndogo, laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na mdomo mtamu. Yeye havunji chochote. Anaomba, na mwenye pesa anampa.

Mbinu inayojulikana zaidi ni ile ya pesa zilizokosea njia. Mesaji inaingia ikisema dola 50 zimepokelewa. Dakika mbili baadaye mtu anapiga simu akilia: amekosea namba, mtoto wake yuko hospitali, kwa jina la Mungu arudishiwe. Mesaji ile ameiandika yeye mwenyewe kwa kuiga maneno ya kampuni, na salio halikuongezeka hata faranga moja. Mwenye huruma anatuma pesa zake mwenyewe akifikiri anarudisha za mwenzake. Ni wizi unaokula wema wa watu, ndiyo maana unauma kuliko ule wa kunyang'anywa mfuko njiani.

Mesaji siyo salio. Anayeambiwa amepokea pesa afungue menyu ya kampuni kwenye simu yake na kuangalia kiasi kilichomo, hata kama anayepiga analia namna gani. Na ikiwa kweli pesa imeingia kwa makosa, aliyetuma aongee na kampuni yake. Ndiyo yenye njia ya kuzirudisha. Mtu mwaminifu atakubali. Mwizi ataanza kutukana.

Mbinu ya pili huja kwa sauti ya heshima. Anayepiga anajitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni, anachanganya Kifaransa na Kiswahili, pengine anataja hata jina kamili la mteja. Anasema akaunti itafungwa usiku huu, ao kuna zawadi ya kuchukua, ao orodha ya msaada kwa waliohama inatengenezwa. Kisha kwenye simu kunatokea maandishi yanayoomba namba ya siri, na yeye anasema: "Andika tu, ni ya kuthibitisha kwamba umepokea." Maneno hayo peke yake yanatosha kumtambua. Kupokea pesa hakuombi namba ya siri. Inaombwa pale pesa zinapotaka kutoka, ao mwenye akaunti anapotaka kuona mambo yake mwenyewe. Kila mara mtu anapoambiwa aiandike ili apokee, ajue kwamba kuna mwingine anayengoja upande wa pili.

Lakini namba nyingi za siri hazipotei kwa wezi wa mbali. Zinapotea kwenye kabine, mbele ya watu. Mama mzee anafika, anatoa simu, anampa kijana wa kabine na kusema, "Fanya tu, mwanangu," kisha anataja tarakimu zake nne kwa sauti, na foleni yote inasikia. Wenye kabine wengi ni watu waaminifu, wanaoshinda juani kwa faida ndogo sana. Hata hivyo siri iliyosikiwa na watu sita si siri tena. Wanaomnunulia mzazi simu wamfundishe pia kuandika tarakimu hizo mwenyewe, polepole, hata kama itachukua siku tatu. Na zisiwe mwaka wake wa kuzaliwa: tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo anaionyesha kila mahali.

WhatsApp nayo ni mlango. Mwizi anaomba atajiwe tarakimu sita zilizofika kwa mesaji, akisema ni za kuingiza mtu katika kundi la kanisa ao la likelemba. Akizipata, anaichukua akaunti, halafu anawaandikia ndugu na wanachama wa AVEC: "Nitumie dola 100, nitarudisha kesho." Jina ni la mwenyewe, picha ni yake, kwa hiyo watu wanatuma. Anayeombwa pesa kwa maandishi apige simu kwanza na asikie sauti ya mwenzake. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna pia uhakikisho wa hatua mbili, unaoweka namba nyingine ya siri. Kuuwasha ni kazi ya dakika moja, na ni wachache walioufanya.

Wale waliopoteza simu wakati wa kukimbia vita wana hatari yao. Laini iliyobaki njiani bado ni funguo ya akaunti, na namba isiyotumiwa kwa muda mrefu kampuni inaweza kumpa mteja mwingine. Kuifunga na kuirudisha mapema ni bora kuliko kununua laini mpya na kusahau ya zamani.

Kadi za benki, Visa ao Mastercard, zinashikwa na wachache, hasa wafanyabiashara, wafanyakazi wa mashirika na ndugu wa ng'ambo. Sheria yake haitofautiani sana. Tarakimu za mbele, tarehe ya mwisho na zile tatu za nyuma zinaweza kutosha kununua vitu kwenye intaneti bila kadi yenyewe kuwapo. Basi kadi haipigwi picha na kutumwa kwa shemeji ili alipe kitu, na haiondoki machoni mwa mwenyewe hotelini.

Yote hayo ni kazi ya mteja. Kumwachia yeye peke yake mzigo wote ni uonevu. Kampuni zinakata ada mteja anapotuma na anapotoa pesa; hata pesa iliyoibiwa, siku mwizi anapoitoa, ada inakatwa kama kawaida. Anayepata faida kwenye kila safari ya pesa ana deni la kulinda njia. Maonyo mengi bado yanafika kwa Kifaransa kwenye simu ya mtu anayesoma Kiswahili tu. Aliyeibiwa saa mbili usiku anahitaji kusikia mtu, siyo muziki wa kungojea, na anahitaji pesa izuiwe kabla haijatolewa kwenye kabine nyingine. Na laini hizo za majina ya watu wengine, nani anaziuza?

Sheria zipo. Ile ya mwezi wa saba 2018 inahusu mifumo ya malipo, na Kanuni ya Kidijitali ya mwezi wa tatu 2023 inaadhibu uhalifu wa mtandaoni. Benki Kuu ya Kongo na ARPTC zina mamlaka juu ya kampuni. Lakini katika miji ambako vita vimevuruga polisi na mahakama, mlalamikaji hajui agonge wapi, na hapo ndipo huduma ya kampuni inakuwa kama polisi pekee aliyebaki. Haifai ilale.

Aliyekwisha kuibiwa asijifiche kwa aibu. Wenye diploma nao wameibiwa. Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Apigie kampuni, hata kwa simu ya jirani, aombe akaunti yake ifungwe na pesa izuiwe huko zilikokwenda. Abadilishe namba ya siri. Aandike saa, kiasi, namba iliyopokea na namba ya muamala iliyo ndani ya mesaji, na mesaji yenyewe asiifute, hata kama kuiona kunamtia hasira.